Jaji wa miaka 98 asiyepangiwa kesi: sakata la Pauline Newman kisheria limekaaje?

Mzee wa Rufaa

Wakuu, salaam. Naona watu wanasambaza kwamba Marekani wamemfukuza jaji kwa sababu ya uzee. Hakuna aliyefukuzwa. Pauline Newman, mzaliwa wa Juni 1927, bado ni jaji wa Mahakama ya Rufaa ya Federal Circuit pale Washington. Mshahara wake unaingia wote na cheo anacho. Asichokuwa nacho ni kesi: tangu 2023 hapangiwi.

Mahakama yenyewe kwanza, maana wengi hawaifahamu. Ilianzishwa 1982, ina viti 12, na tofauti na mahakama nyingine za rufaa za shirikisho haina kundi la majimbo inayoyasimamia. Inapewa kesi kwa aina: hataza (patent, yaani haki za wavumbuzi) za nchi nzima, biashara ya kimataifa, madai ya askari wastaafu, migogoro ya ajira ya watumishi wa serikali kuu. Newman aliteuliwa na Rais Reagan 1984, ana shahada ya uzamivu ya kemia kutoka Yale, na kwa wanasheria wa hataza anajulikana zaidi kwa hukumu za kuwapinga wenzake.

Machi 2023 jaji mkuu wa mahakama hiyo, Kimberly Moore, alianzisha mwenyewe lalamiko dhidi yake. Ikaundwa kamati maalumu ya watu watatu: Moore, Sharon Prost na Richard Taranto. Hoja zilikuwa mbili, kwamba hukumu zake zinachelewa mno, na kwamba wafanyakazi wameona dalili za kusahau na kuchanganyikiwa. Kamati ikamwamuru apimwe mishipa ya fahamu na uwezo wa akili na wataalamu watakaoteuliwa na kamati, na alete kumbukumbu zake za matibabu. Akagoma, akataka suala zima lipelekwe kwa majaji wa kanda nyingine. Mei 2023 akawashtaki wenzake. Mahakama ikawaelekeza kwenye usuluhishi chini ya jaji mstaafu Thomas Griffith, ukavunjika. Tarehe 20 Septemba 2023 baraza la majaji likatoa amri ya mwaka mmoja bila kesi mpya. 2024 ukaongezwa mwaka, 2025 tena.

Sasa shikeni hili kabla hamjaanza kubishana: amri hiyo haisemi kwamba hana uwezo. Kosa aliloandikiwa ni kukataa kushirikiana na uchunguzi bila sababu ya msingi. Suala la akili yake halijawahi kutolewa uamuzi.

---

Kitwana77

Sasa mkuu, kama kichwa kiko sawa si angepima tu akawanyamazisha? Mbona rahisi.

---

Binti Wakili

Kitwana77, alipima. Alipeleka ripoti za wataalamu aliowatafuta mwenyewe, na zote zilisema yuko sawa. Kamati ikazikataa kwamba hazitoshi.

Na kwenye vipimo penyewe pana mambo. Kipimo chepesi cha uchunguzi wa awali kama MoCA kinachukua kama dakika 10, kina alama 30, na 26 kwenda juu huhesabiwa kawaida. Unachora saa, unanakili mchemraba, unakumbuka maneno matano, unatoa 7 kutoka 100 kwa mfululizo. Kilitengenezwa kumwambia daktari kama kuna haja ya kuchunguza zaidi. Hakikutengenezwa kumpima mtu ambaye kazi yake ni kusoma rekodi ya kurasa elfu za kemia ya dawa na kuona aya moja inayopingana na nyingine. Mtu mwenye elimu kubwa anaweza kushuka sana kutoka pale alipokuwa, na bado akapata 28.

Kipimo kizito kinachukua saa kadhaa: kumbukumbu, umakini, kasi ya kufikiri, lugha, kupanga mambo, kila kimoja na jedwali lake. Alama zako zinalinganishwa na za watu wa umri na elimu kama yako. Swali la kitaalamu ambalo wabishi wengi hawaligusi ni hili: watu wa miaka 96 wenye shahada ya uzamivu, waliopimwa ili lijengwe jedwali la kulinganishia, ni wangapi? Ukimlinganisha na wazee wenzake atang'ara. Ukimlinganisha na jaji wa miaka 55 utapata jibu jingine. Sheria haisemi ni jedwali lipi litumike, kwa hiyo anayemteua mpimaji ndiye anayeamua kipimo kitamaanisha nini. Ndiyo maana "si angepima tu" si rahisi hivyo.

---

Kabwela wa Sheria

Binti Wakili umeeleza vizuri, lakini unaipa kesi yake uzito kupita kiasi. Mahakama ya rufaa hukaa kwa jopo la majaji watatu. Jaji mmoja akikaa na hukumu mezani miezi, wenye kesi wanaumia, na wenzake wanabeba. Hataza inaishi miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa. Kila mwezi unaopotea kwenye rufaa ni mwezi wa hataza unaoliwa. Nani atamwambia aliyewekeza fedha zake kwamba avumilie kwa sababu jaji ana historia nzuri?

Na kumbukeni hili suala la kuamuru vipimo halikuanzia kwake. Jaji John Adams wa Ohio aliamriwa na baraza la kanda ya sita apimwe afya ya akili, akakataa, na 2017 kamati ya kitaifa ya mwenendo wa majaji ikathibitisha kwamba mabaraza yana mamlaka hayo na kwamba kukataa ni utovu wa mwenendo. Adams hakuwa mzee. Kanuni ilikuwepo kabla ya Newman.

---

Mzee wa Rufaa

Kabwela, hapo kwenye Adams uko sahihi, na hakuna anayesema baraza halina mamlaka ya kuuliza. Ngoja niweke mashine nzima mezani ndipo tuone ilipokwama.

Sheria ni ya 1980, ya mwenendo na ulemavu wa majaji, vifungu vya 351 hadi 364. Mtu yeyote anaweza kuandika lalamiko, au jaji mkuu wa mahakama husika akalianzisha mwenyewe. Jaji mkuu huyo analipitia. Kama linapinga tu hukumu iliyotolewa, analitupa. Na humo ndimo yanamoishia mengi ya malalamiko zaidi ya elfu moja yanayoletwa kila mwaka. Kama lina kitu, anaunda kamati maalumu: yeye mwenyewe pamoja na idadi sawa ya majaji wa rufaa na majaji wa wilaya wa kanda ile. Hii ni kinga ya kwanza, kwamba wanaochunguza wasiwe wa mlango mmoja.

Federal Circuit haina majaji wa wilaya. Kwa hiyo kamati yote ni watu wa korido moja na mlalamikiwa. Wanakula pamoja, wanakaa jopo moja, wengine wameandika hukumu ambazo yeye alizipinga. Halafu kamati inapeleka ripoti kwa baraza, na baraza ni nani? Ni wao hao hao na wenzao waliobaki. Kanuni ya 25 inamruhusu aliyekuwa kwenye kamati kupiga kura kwenye baraza. Ongeza kwamba lalamiko lililetwa na jaji mkuu, na kwamba madai ya ucheleweshaji yanatokana na kazi ambayo majaji wenyewe waliishuhudia. Mleta mashtaka, shahidi, mpelelezi na hakimu, wote ni kundi moja.

Dawa ipo kwenye kanuni zenyewe. Kanuni ya 26 inaruhusu baraza limwombe Jaji Mkuu wa Marekani ahamishie suala kanda nyingine, na imeshatumika kwa majaji wengine. Kamati ikakataa kuomba, kwa maelezo kwamba mashahidi wako hapo hapo na kamati inaifahamu hali. Kwa maoni yangu hapo ndipo kesi iliharibika, mapema kabisa, kabla hata ya suala la daktari. Wangeomba uhamisho Aprili 2023, Newman asingekuwa na hoja ya kukataa vipimo, na leo kungekuwa na jibu, liwe hivi au vile.

---

Mswahili wa Mombasa

Mzee nisaidie. Kwetu Kenya jaji anastaafu 70 kwa lazima, akitaka anaondoka 65. Tuliona 2016 jaji Rawal na jaji Tunoi walivyopigania 74 wakashindwa. Wamarekani hawana umri kabisa?

---

Mzee wa Rufaa

Hawana. Ibara ya tatu ya katiba yao inasema majaji watashika ofisi madhali wana mwenendo mwema, basi. Tanzania ni 60 kwa jaji wa Mahakama Kuu na 65 kwa wa Rufani, ingawa Rais anaweza kuongeza muda. Uganda 65 na 70.

Lakini tofauti kubwa zaidi ya umri ni njia ya kumtoa. Kenya, ibara ya 168: lalamiko linapita Tume ya Utumishi wa Mahakama, Rais ndani ya siku 14 anamsimamisha jaji na kuunda jopo la watu saba wanaomsikiliza, na wakati huo mshahara unashuka hadi nusu. Maradhi ya mwili au akili yametajwa waziwazi kama sababu ya kuondolewa. Kwa hiyo kusimamishwa kwenu ni chumba cha kusubiria uamuzi wa mtu mwingine. Cha Newman hakina mlango wa pili: amri inaisha mwaka, anaulizwa kama yuko tayari kupima, anasema hapana, inaanza upya.

---

Jogoo la Posta

Bunge lao si linaweza kumng'oa?

---

Binti Wakili

Linaweza. Baraza la Wawakilishi linashtaki, Seneti inahukumu kwa theluthi mbili. Tangu taifa lianze, majaji 15 wa shirikisho wameshtakiwa na 8 wametiwa hatiani. Lakini kwa ugonjwa njia hii ni mbovu, kwa sababu katiba inadai uhaini, rushwa au makosa makubwa, na kuugua si kosa. Walijaribu mara moja. John Pickering wa New Hampshire aliondolewa 1804 akiwa mlevi na akili imeyumba. Hakuhudhuria hata kusikilizwa. Maseneta walijikuta wanamtia hatiani mtu ambaye watetezi wake wanasema ni mgonjwa. Tangu hapo hakuna aliyetaka kurudia.

Ndiyo maana sheria ya 1980 imetoa silaha ndogo ndogo: kuonya kwa siri, kuonya hadharani, kumwomba astaafu, kuthibitisha ulemavu wake, na kuzuia kesi mpya "kwa muda, kwa kipindi maalumu". Kifungu cha 354 kinakataza waziwazi baraza kumwondoa jaji wa ibara ya tatu.

---

Kabwela wa Sheria

Kwa hiyo hajaondolewa. Mshahara anapata.

---

Binti Wakili

Jaji analipwa ili nini? Miaka mitatu bila kesi, kwa sababu ile ile, na hakuna kikomo kilichoandikwa. Kama "kwa muda" inaweza kuongezwa hadi mtu afe, basi kifungu kinachokataza kumwondoa hakina kazi. Mimi sina tatizo na mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza ni shinikizo halali la kumfanya ashirikiane. Tatizo linaanza pale inapojulikana wazi kwamba hatabadilika na amri inaendelea kutolewa vile vile.

---

Hakimu Mstaafu Tanga

Niongeze kipande cha historia, kwa sababu mahakama zimekuwa zikilikwepa swali hili kwa zaidi ya miaka hamsini.

Desemba 1965 baraza la kanda ya kumi lilimwamuru Jaji Stephen Chandler wa Oklahoma asishughulikie kesi yoyote, iliyopo wala mpya. Akaenda Mahakama ya Juu. Uamuzi ukatoka 1970, ukamkatalia kwa sababu za utaratibu bila kugusa kama baraza lina mamlaka hayo. Majaji Black na Douglas wakapinga vikali. Kwao hakuna jaji anayeweza kumtawala jaji mwenzake nje ya njia ya Bunge. Sheria ya 1980 ilikuja kujaza pengo hilo.

Kisha John McBryde wa Fort Worth, Texas. Alizuiwa kesi mpya mwaka mzima kwa ukali wake kwa mawakili na wenzake. Akashtaki Washington. Rufaa ikaamuliwa 2001, na wakati huo mwaka wa adhabu ulikuwa umeshapita, hivyo mahakama ikasema sehemu ya kusimamishwa imepitwa na wakati, ikabaki na onyo tu. Na ikasoma kifungu ambacho leo ni cha 357 kwamba amri za mabaraza haziangaliwi na mahakama, hata pale mtu anapodai zimevunja katiba kwake yeye binafsi.

Hicho ndicho kilichomfunga Newman. Jaji Christopher Cooper wa mahakama ya wilaya alitupa madai yake kwa awamu mbili mwaka 2024. Agosti 2025 mahakama ya rufaa ya Washington ikathibitisha, ikisema imefungwa mikono na McBryde. Shambulio lake dhidi ya sheria yenyewe nalo likaanguka, kwa sababu ukitaka kuiua sheria yote lazima uonyeshe haina matumizi hata moja yanayoruhusiwa, na kumzuia jaji kesi kwa kipindi kifupi ni matumizi yanayokubalika. Angalieni mtego: McBryde aliambiwa amechelewa kwa kuwa mwaka umeisha, Newman, ambaye mwaka wake hauishi, anaambiwa mlango ulifungwa na kesi ya McBryde.

---

Jogoo la Posta

Hapo kwenye McBryde nimeelewa. Ila bado, kwa nini bibi wa watu asistaafu kwa heshima? Mshahara si uko pale pale?

---

Mzee wa Rufaa

Uko pale pale, na hilo ni swali zuri kuliko unavyodhani. Kifungu cha 371 kina kitu wanachoita kanuni ya 80: umri na miaka ya utumishi vikifika 80, kuanzia 65 na miaka 15, kushuka hadi 70 na miaka 10. Newman alifuzu tangu 1996. Angeweza kustaafu kabisa na kulipwa hadi kufa, au kuchukua hadhi ya jaji mwandamizi na kuendelea na kesi chache; kinachohitajika ili apate nyongeza za mshahara ni kazi ya kama robo ya jaji wa kawaida.

Wapo waliofanya hivyo hadi mwisho. Wesley Brown wa Kansas alifariki Januari 2012 akiwa na miaka 104, bado ana kesi mkononi. Alikuwa amepunguza mwenyewe aina za kesi anazochukua, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumfuata.

Lakini hadhi hiyo ina gharama ambayo watu wa nje hawaioni. Jaji mwandamizi hakai kwenye kesi mpaka apangiwe na jaji mkuu. Akinyimwa, hana pa kulalamika. Haitwi tena mahakama nzima inapokaa pamoja, isipokuwa alikuwa kwenye jopo la awali. Na kiti chake kinakuwa wazi, Rais aliyepo anakijaza. Kwa jaji ambaye sauti yake ni ya kupinga, kuchukua hadhi hiyo ni kumkabidhi ratiba yako mtu unayempinga.

Kuna na njia ya kifungu cha 372 ambayo naona imesahauliwa isivyo haki. Wingi wa baraza wanasaini hati kwamba jaji ana ulemavu wa kudumu, inapelekwa kwa Rais, naye akiridhika anateua jaji wa ziada kwa idhini ya Seneti. Mgonjwa anabaki jaji, ila kwenye mpangilio wa ukongwe kazini anahesabika wa mwisho, na akiondoka kiti chake hakijazwi. Uzuri wake: kuna mtu wa nje ya korido anayeamua. Ubaya wake kwa baraza: lazima usaini kwamba ni mgonjwa, na uwe na ushahidi. Kumwadhibu kwa kutoshirikiana hakuhitaji ushahidi huo.

---

Kabwela wa Sheria

Huwezi kupata ushahidi wa kidaktari kwa mtu anayekataa daktari. Unazunguka pale pale, Mzee.

---

Binti Wakili

Si kweli kwamba hakuna ushahidi mwingine. Kazi ya jaji imeandikwa. Chukua hukumu zake za miaka mitano, wape wataalamu wa nje bila jina, wachanganyie na za majaji wengine. Angalia tarehe ya kusikilizwa na tarehe ya hukumu kwa kila kesi, ukitenganisha zile alizoandikia jopo na zile alizopinga, kwa sababu anayeandika nyingi za kupinga anachelewa kwa sababu isiyo ugonjwa. Hiyo ni kazi ya mwezi mmoja na haihitaji sindano wala kuchora saa.

---

Kitwana77

Na wale tisa wa Mahakama ya Juu? Nao wanaweza kuzuiwa?

---

Hakimu Mstaafu Tanga

Sheria ya 1980 haiwagusi kabisa. Inahusu majaji wa rufaa, wa wilaya, wa ufilisi na mahakimu wa shirikisho.

Kwao hutumika mazungumzo ya faragha, na historia yake haipendezi. William Douglas alipata kiharusi mwisho wa Desemba 1974, akarudi kazini akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na maumivu makali. Msimu wa vuli 1975 wenzake walikubaliana kimyakimya kwamba kesi yoyote ambayo kura yake ndiyo itakayoamua, isitolewe hukumu. Jaji Byron White alikataa, na Oktoba mwaka huo akamwandikia Jaji Mkuu Burger kwamba katiba haiwapi majaji mamlaka ya kumpokonya mwenzao kura. Anayetaka aende Bungeni. Douglas alistaafu tarehe 12 Novemba. Ni yule yule Douglas ambaye miaka mitano nyuma alipinga Chandler kuzuiwa kesi.

---

Mswahili wa Mombasa

Swali la mwisho kwa wataalamu. Mtu wa kawaida akitaka kumlalamikia jaji wa shirikisho kule, kuna ndugu zetu wengi wana kesi za uhamiaji, anafanyaje?

---

Binti Wakili

Kwanza atofautishe. Jaji wa uhamiaji si jaji wa ibara ya tatu. Ni mtumishi wa Wizara ya Sheria na ana njia yake ya malalamiko ndani ya wizara. Akipeleka huku atarudishiwa karatasi.

Kama ni jaji wa wilaya au wa rufaa, anaandika kwa karani wa mahakama ya rufaa ya kanda husika. Hakuna ada. Aeleze kilichotokea, tarehe, mahali, nani alikuwepo, kwa kurasa chache, na asaini kwa kuapa kwamba ni kweli. Asiandike "hukumu ilikuwa mbaya", kwa sababu lalamiko linalopinga hukumu tu hutupwa. Hukumu hukatiwa rufaa. Kwa suala la uwezo, aandike kilichoonekana: jaji aliuliza swali lile lile mara tatu ndani ya dakika kumi, alimwita wakili wa upande huu kwa jina la upande ule, alisinzia wakati shahidi anahojiwa. Kama kuna kumbukumbu ya maandishi ya siku ile, ataje ukurasa. Jaji mkuu akilitupa, ana siku 42 tangu tarehe ya amri kuomba baraza lipitie upya, na barua iwe imefika ndani ya siku hizo. Kuituma tu hakutoshi.

Na asitegemee kwamba lalamiko litasimamisha kesi yake. Hilo linataka ombi la kumkataa jaji, na linapelekwa kwa jaji yule yule.